Eduard Spitfire Mk.IX 1/48: ProfiPACK, Weekend au Overtrees?

ProfiPACK, Weekend na Overtrees ni aina tatu ambazo Eduard, kiwanda cha Cheki cha ndege za mfano za kuunda, huuzia Spitfire Mk.IX, ndege ya kivita ya Uingereza ya Vita vya Pili vya Dunia. Plastiki ni ileile. Jambo hili huwachanganya wanunuzi wengi, kwa hiyo tulimalize kwanza. Spitfire Mk.IX ya skeli ya 1/48 (ndogo mara 48 kuliko ndege halisi) ambayo Eduard waliitoa mwaka 2013 imeshauzwa katika maboksi mengi, kila moja na picha yake na bei yake, lakini fremu za plastiki zilizomo, zile zinazoshika vipande vya kukata, hutoka kwenye kalibu zilezile. Bawa la Weekend halikuchongwa kwa ulegevu, wala ribiti za ProfiPACK hazikuchorwa vizuri zaidi. Pesa ya ziada inalipia vitu vilivyowekwa juu ya plastiki: vibati vya shaba, maski za kupakia rangi na stika nyingi zaidi. Basi cha kujiuliza dukani ni vingapi kati ya hivyo utavitumia kweli, na vingapi vitalala kwenye boksi.

| | ProfiPACK | Weekend | Overtrees |
|---|---|---|---|
| Plastiki na vioo | vyote | vyote | vyote |
| Vibati vya shaba vyenye rangi | vipo | havipo | havipo |
| Maski za vioo na magurudumu | zipo | hazipo | hazipo |
| Stika | ndege 5 au 6 kwa kawaida | chache zaidi | hakuna |
| Maelekezo | yapo | yapo | unayapakua kwenye tovuti ya kiwanda |
| Panapopatikana | maduka ya modeli | maduka ya modeli | duka la Eduard lenyewe |

Kwa nini boksi nyingi kwa ndege moja

Gharama kubwa ya ndege ya mfano ni kuchonga kalibu ya chuma. Kalibu ikishakuwa tayari, plastiki inayopita ndani yake ni gharama ndogo, kwa hiyo kiwanda kinatafuta kila njia ya kuitumia tena. Fremu hupangwa kwa hesabu: vipande vinavyofaa matoleo mengi ya Spitfire hukaa pamoja, na vinavyotofautiana, kama mabawa na kiwiliwili, huwekwa kwenye fremu za kubadilishwa. Ndiyo maana Mk.VIII, Mk.IX na Mk.XVI za Eduard ni ndugu wa damu. Ndiyo maana pia ukimaliza kuunda unabaki na rundo la vipande ambavyo kwenye maelekezo vimetiwa kivuli. Usivitupe, baadhi utavihitaji, tutaona mbele.

Kuna mpangilio wa kutoka sokoni pia. Miaka ya karibuni Eduard huanza na Limited Edition (boksi la idadi maalumu), mara nyingi Dual Combo, yaani ndege mbili kamili ndani ya boksi moja pamoja na stika za kutosha ndege nyingi. P-51D ilikuja hivyo mwaka 2019, Spitfire Mk.I mwaka 2020, na Zero A6M2 mwishoni mwa 2021. ProfiPACK hufuata, na Weekend huja nyuma yake. Kwa hiyo ukiona kalibu mpya imetangazwa na wewe unataka ndege moja tu ya bei ya chini, subiri. Kwa Mk.IX huna la kusubiri, maana kalibu yake ina zaidi ya miaka kumi na matoleo yote yameshapita sokoni zaidi ya mara moja.

Vibati: faida yake na kazi yake

Eduard walianza mwaka 1989, na jina lao lilijengwa na vibati vya kuongezea modeli za viwanda vingine kabla ya ndege zao wenyewe kusifiwa. Ndiyo sababu ProfiPACK imejengwa kuzunguka vibati: vipande vyembamba vya shaba ya manjano vilivyokatwa kwa kemikali, vingine vikiwa vimeshachapwa rangi kiwandani. Kwenye Spitfire cha thamani zaidi ni dashibodi na mikanda ya rubani.

Dashibodi ya shaba huja kwa tabaka. Tabaka la nyuma lina nyuso za saa zilizochapwa, la mbele lina matundu yanayoziacha zionekane. Kabla ya kuibandika, saa za plastiki zilizoinuka lazima zisuguliwe kwa msasa mpaka pawe tambarare kabisa, maana kibati hakilali juu ya vinundu. Tabaka mbili ziunganishe kwa vanishi ya maji au gundi nyeupe. Supa gluu haifai hapo: hushika kabla hujapanga matundu na saa, na mvuke wake huacha ukungu mweupe juu ya nyuso nyeusi. Vikikauka, tia tone la vanishi ya kung'aa kwenye kila saa kwa ncha ya kijiti cha meno, itaonekana kama kioo.

Kata vibati juu ya kigae au kipande cha kioo, kwa wembe wenye makali ya mviringo, ukisukuma chini bila kuburuta. Ukikatia juu ya mkeka laini, kibati kinazama kidogo na kujikunja, na kibati cha unene huo kikishajikunja hakinyooki tena vizuri. Mikanda ikunje kwanza kwa kuizungushia kijiti, ndipo uibandike kitini. Rangi ya kiwandani hubanduka kwenye kona kali ya mkunjo, kwa hiyo kunja mara moja tu, kisha gusia palipobanduka kwa brashi. Ile mbinu ya kupitisha shaba kwenye moto ili ilainike ni ya vibati vitupu. Vyenye rangi vikiguswa na moto vinaungua.

Tatizo ambalo watu hugundua wakiwa wameshachelewa ni rangi kutolingana. Kibati chenye kijivu-kijani cha kiwandani hakifanani na chupa yako ya kijivu-kijani cha ndani ya ndege. Dawa yake ni kuchanganya rangi ya kuta za chumba cha rubani kwa kuangalia kibati, wala si kuangalia namba ya chupa. Ukipaka kuta kwanza, utabaki na mabaka mawili ya rangi kwenye nafasi isiyozidi ukucha.

Tena, si kila kibati ni bora kuliko plastiki. Shaba ni bapa. Panapotakiwa kitu cha duara, kama kishikizo cha kuongozea ndege au wenzo mnene, plastiki ya Eduard imechongwa vizuri na inapendeza zaidi. Maelekezo yatakuambia ukate kipande cha plastiki uweke cha shaba, hulazimiki kutii. Tumia mikanda, dashibodi na vipande vinavyokaa ukutani, mengine yaache. Na kama utafunga kioo cha rubani, mikanda tu itaonekana vizuri, basi ProfiPACK kwa ajili ya vibati peke yake haina hesabu.

Mwenye Weekend anafanyaje? Dashibodi ina stika ya kulaza juu ya saa za plastiki. Paka plastiki nyeusi iliyofifia, tia vanishi ya kung'aa, laza stika, kisha pitisha dawa ya kulainisha stika mara mbili kwa kuacha muda katikati. Usiikandamize kwa kidole. Itajivuta yenyewe ishike vinundu. Mikanda kata kwenye utepe wa kufunikia rangi, vipande vya upana wa milimita 1, kwa kuwa mkanda halisi wa sentimita 5 ukiugawa kwa 48 unapata milimita 1 na chembe. Paka rangi ya khaki iliyopauka. Kwa jicho lililo mbali kidogo, mikanda ya utepe mara nyingi hukaa kiasili kuliko ya shaba, kwa sababu inalala kama kitambaa.

Maski ndizo zinazookoa kazi

Tukiambiwa tuchague kitu kimoja kutoka ProfiPACK, tutachukua maski. Kioo cha mbele cha Spitfire kina kona ndogo na sehemu zilizopinda, na kukikatia utepe kwa mkono ni kazi ya jioni nzima ambayo huharibika kwa kuteleza mara moja kwa wembe. Maski za Eduard zimekatwa kwenye utepe wa njano wa karatasi wenye gundi, zikitosha vioo na duara za magurudumu. Bandika, kandamiza kingo kwa kijiti, puliza kwanza rangi ya ndani ya ndege ili ionekane kupitia kioo, kisha rangi ya nje. Koti nyembamba tatu ni salama kuliko moja nene, maana nene huacha ukingo ulioinuka unaomeguka ukibandua.

Sehemu ya kuteleza iliyovimba ina maski ya kingo tu. Katikati unajaza mwenyewe kwa vipande vya utepe au maski ya majimaji. Usiziache kwa wiki kadhaa, hasa kwenye joto la Pwani. Gundi inabaki juu ya kioo, na kuisafisha bila kukwaruza ni shida.

Habari njema ni kwamba Eduard huuza maski hizi peke yake pia. Weekend pamoja na pakiti ya maski ndiyo mchanganyiko tunaoupendekeza kwa anayeunda Spitfire yake ya kwanza au ya pili.

Jihadhari na jambo moja: maski za boksi si za milia iliyopakwa ili kutambulisha ndege za uvamizi wa Normandy. Ukichagua ndege ya Juni 1944, milia mitano, mieupe mitatu na myeusi miwili, unaikatia utepe mwenyewe. Kwa ndege za injini moja kila mlia ulikuwa inchi 18, yaani milimita 9.5 kwa 1/48. Paka eneo lote jeupe, funika mieupe, kisha puliza nyeusi. Ukianza na nyeusi, nyeupe itahitaji koti nyingi kuifunika.

Stika mpya si kama za zamani

Boksi la zamani na boksi jipya la ndege hiyohiyo huweza kutofautiana zaidi kwenye stika kuliko mahali pengine. Eduard siku hizi huchapa stika zao wenyewe, na utando wa juu unaweza kubanduliwa stika ikishakauka, ikabaki wino peke yake kama rangi iliyopakwa. Ikifanikiwa, hakuna stika inayoishinda kwa wembamba.

Isipofanikiwa, nusu ya herufi huondoka na utando. Sababu kubwa ni uso mkavu usiong'aa: wino haushiki kwenye vinyweleo vya rangi. Kwa hiyo tia vanishi ya kung'aa kabla, laza stika kwa maji, tumia dawa ya kulainisha kidogo tu, acha ikauke siku nzima. Inua ukingo wa utando kwa ncha ya kibano, vuta polepole ukiulaza karibu na uso. Wapo wanaoulainisha kwanza kwa tapentaini nyepesi. Jaribu kwenye alama usiyoihitaji, na hakikisha vanishi iliyo chini haiyeyuki kwa tapentaini hiyo. Ukiwa na wasiwasi, acha utando ulipo na umalizie kwa vanishi. Hiyo pia ni njia halali.

Overtrees, na hesabu inayowaponza watu

Overtrees ndiyo ya bei ya chini kuliko zote, na inavutia mno. Ni fremu tu. Kama una stika za kampuni nyingine ulizozinunua kwa ajili ya ndege maalumu, au umeshaunda Mk.IX moja na stika za ProfiPACK zimebaki (boksi lina alama za ndege 5 au 6 wakati plastiki inatosha ndege 1), basi Overtrees ndiyo yako. ProfiPACK moja na Overtrees mbili ni njia nzuri ya kupata ndege tatu.

Lakini ukianza kuongeza, piga hesabu mpaka mwisho. Vibati vya ProfiPACK vinauzwa peke yake kwa alama ya LEPT, maski zina pakiti yake, stika zina bei yake, na kila kitu kina posta. Ukishavikusanya vyote vitatu, umefika bei ya ProfiPACK au umeipita. Tena Overtrees inatoka kwenye duka la Eduard lenyewe, kwa hiyo aliye Nairobi au Dar es Salaam hawezi kutegemea kuikuta kwa muuzaji wa karibu. Kuagiza fremu moja tu kutoka Cheki, posta inaweza kumeza punguzo lote. Rangi za kuyeyushwa kwa thina kali usizitie kwenye oda hiyo: huhesabiwa mizigo hatari kwa ndege na wauzaji wengi hukataa kuzituma. Agiza plastiki, rangi tafuta karibu, au chukua za maji kama Vallejo. Kwa anayezipata Tamiya, rangi za Mk.IX wa Ulaya ni XF-81 kijani iliyokolea, XF-82 kijivu cha bahari na XF-83 kijivu cha tumboni, na chupa ya mililita 10 ya kila moja inatosha ndege moja ya 1/48.

Mambo ambayo hakuna boksi linaloyatatua

Kifuniko cha juu cha injini kimekuja vipande viwili, kushoto na kulia, na ndege halisi haina mshono katikati hapo juu. Unganisha vipande hivyo peke yake kwanza, jaza mshono kwa puti, sugua kwa msasa laini, hakikisha kifuniko kinakaa sawa na kiwiliwili, ndipo ugundishe. Ukigundisha nusu kwa nusu juu ya kiwiliwili, utapata ngazi ubavuni isiyotoka bila kufuta ribiti.

Chumba cha rubani ni cha vipande vingi na kinabana. Fremu ya ndani ikikaa juu kwa robo milimita, kiwiliwili hakifungi, na bawa nalo halitafunga. Vivyo hivyo kuta za mashimo ya magurudumu: rangi nene kwenye kingo za kugundishia inatosha kuinua ngozi ya juu ya bawa na kuacha mwanya pale bawa linapokutana na kiwiliwili. Kwangua rangi sehemu zote za gundi, na jaribu bila gundi kila hatua. Huku ndiko wanaoanza hukwama na Eduard. Kalibu ni kali, haisamehi.

Kisha vile vipande vyenye kivuli. Mk.IX ilibadilika sana tangu ilipoingia kazini katikati ya 1942: mdomo wa hewa chini ya pua ulikuwa mfupi ukawa mrefu wenye chujio, usukani wa mkia wa mviringo ukapata uliochongoka, mabawa madogo ya mkia yakabadilishwa umbo la kona, na bunduki za bawa aina ya C zikapangwa upya kwenye aina ya E, mzinga ukihamia nje na bunduki ya inchi 0.5 ikikaa ndani. Ncha za mabawa nazo: kamili ni mita 11.23, zilizokatwa ni karibu mita 9.9, yaani sentimita 23.4 dhidi ya 20.7 kwenye meza yako. Tazama picha ya ndege uliyochagua kabla ya kugundisha, hasa ukitumia stika za nje na Overtrees, maana hapo maelekezo hayajui unaunda ndege gani.

1/72 na wengine, kwa kifupi

Eduard wana Mk.IX ya 1/72 pia, ya mwaka 2016. Mabawa yake ni sentimita 15.6, na ribiti zake ni nzuri ajabu kwa udogo huo. Vibati vya skeli hiyo huruka kibanoni na hupotea sakafuni, kwa hiyo kwa 1/72 tunapendekeza Weekend na maski bila kusita.

Spitfire ya Tamiya ya 1/48 ya mwaka 2018 ni Mk.I, ndege nyingine kabisa kwa pua na injini. Usiichukue ukidhani ni mbadala wa Mk.IX. Mk.IX ya Tamiya ni ya 1/32, ya mwaka 2009, yenye vifuniko vya injini vinavyoshikwa kwa sumaku, na inaunganika kwa utulivu kuliko Eduard, kwa bei ya kiwango chake. Airfix walitoa Mk.IXc ya 1/24 mwaka 2022: karibu sentimita 47 za mabawa, pima rafu kwanza. Mk.IX ya ICM wa Ukraine ni ya 1/48 na ina injini kamili, lakini plastiki ni ya zamani zaidi na inataka puti.

Ukinunua mitumba

Boksi la zamani la Eduard si lazima liwe na plastiki ya sasa. Kwa Spitfire Mk.IX hakuna shaka. Shida ni jirani yake wa kwenye rafu, Bf 109G-6 ya 1/48, ndege ya kivita ya Ujerumani. Iliyotoka mwaka 2014 ilizidi vipimo, ikakosolewa sana, na Eduard wakachukua uamuzi ambao viwanda vichache huuchukua: waliichonga upya na kuitoa tena mwaka 2016. Namba ya ProfiPACK ya kwanza ni 8268. Ukikuta boksi lisilo na namba inayosomeka, laza mabawa mezani upime ncha kwa ncha. Bf 109G halisi ilikuwa mita 9.92, kwa hiyo sahihi ni sentimita 20.7. Ikizidi hapo, ni ile ya 2014. Bado inaundika na inasimama vizuri peke yake, ila usiiweke ubavuni mwa Bf 109 nyingine ya 1/48, na usitarajie vibati vilivyopimwa kwa plastiki ya 2016 vikae.